Mwenyekiti hapigiwi kura, na nauli idai mapema

Hongera kwa kuteuliwa kwenye bodi ya shirika la serikali, ndugu. Unauliza kwa nini bodi haikumchagua mwenyekiti, na nani atakurudishia nauli ya Kisumu hadi Nairobi. Kwenye mashirika mengi ya serikali hapa Kenya, mwenyekiti huteuliwa na Rais. Wanachama kama wewe huteuliwa na waziri. Mnachoweza kuchagua ni mtu wa kuongoza kikao siku mwenyekiti hayupo, basi. Marupurupu ya kikao hutoka kwenye fedha za shirika, kwa viwango vilivyowekwa, si kwa huruma ya mkurugenzi. Nauli na malazi muulize katibu wa bodi kabla hujapanda basi. Risiti ipige picha siku hiyo hiyo. Mimi niliwahi kupeleka ya hoteli, wino umefifia, mhasibu akaigeuza-geuza akanirudishia risiti yangu. Sikulipwa.