Rivolva ya kwanza: iache hiyo ndogo

Dada, nimekuelewa: uko Texas, una grini kadi, unataka rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya kulenga shabaha na kuweka nyumbani, na muuzaji anakusukumia ile ndogo ya risasi tano eti "ni ya kina mama". Mwambie asante, upite.

Mimi nilianza na hiyo hiyo. Ina gramu mia nne na ushee, raha mfukoni, lakini ukifyatua mpini unakupiga kiganjani kama umedaka tofali. Kufika risasi ya kumi nilishaanza kufumba macho.

Chukua nzito, ya mtutu wa inchi 4. Ruger GP100, rivolva ya risasi kali za .357 Magnum, inapita kilo moja, na inakubali pia risasi za .38 Special ambazo hazipigi sana mkono. Hizo ndizo za mazoezi. Ila usigeuze: bastola ya .38 hailishwi Magnum kamwe. Ukikuta Smith & Wesson Model 10 ya mtumba, rivolva safi sana hiyo, fundi wa silaha aikague kwanza.

Usinunue kwa macho. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha, kwa hiyo lipia mwalimu saa moja ujaribu mbili tatu. Kidole kikivuta kwa shida hadi mkono unatetemeka, hiyo si yako.

Una watoto, kwa hiyo sefu inunuliwe siku hiyo hiyo. Na kama kuna mtu nyumbani anayepitia msongo au mawazo ya kujidhuru, ahirisha kabisa, mpelekeni kwa daktari.