Midomo ya mwanangu ilivimba, na kila mtu akawa na mshtakiwa wake

Jumapili ile ya Aprili mvua ilinyesha kutwa. Mchana tulikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani, hapahapa Tabata, na kabla ya magharibi tukawa tumerudi. Saa nne usiku binti yangu wa miaka mitatu akaamka anajikuna. Nikajua ni harara, maana kwa joto la Dar nani hana harara? Nilipowasha taa nikaona mabaka yaliyoinuka tumboni na mapajani, mengine makubwa kuliko kiganja chake, na mdomo wa juu umetuna kama aliyeumwa na nyuki.

Dakika kumi baadaye sebule imekuwa mahakama. Mama mkwe akasema ni keki, zile rangi zao. Baba watoto akataja korosho. Dada anayetusaidia kazi akasema mdudu, mvua hizi wanaingia sana. Mimi nilikuwa naitazama chupa ya amoksilini juu ya friji. Niliinunua mwenyewe duka la dawa Ijumaa, bila cheti, kwa sababu ya mafua, na nilishampa mara kadhaa. Sikusema kitu.

Mzazi mwenzangu, yakikukuta haya, achana kwanza na kutafuta mchawi. Usiku ule kuna jambo moja tu la kuangalia: mtoto anapumuaje? Mvue nguo, mtazame kifua. Kama anakohoa mfululizo, anatoa mlio akivuta pumzi, sauti imekauka ghafla, ulimi umevimba, anatapika tena na tena huku ana mabaka, au amelegea na kupauka, hapo huna muda wa kuita wazee. Huo ni mzio mkali, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini, sindano inayochomwa msuli wa paja, upande wa nje. Dawa ya mzio ya kunywa haiwezi kuchukua nafasi yake. Njiani mlaze, miguu ikiwa juu kidogo. Kama kupumua kunamsumbua, mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza aone kama ana nguvu.

Wangu alikuwa anapumua vizuri, hata alikuwa anadai katuni. Mama mkwe akaja na kikombe cha maziwa ili yakate sumu. Ilibidi nimkatalie kwa adabu, na mnajua kumkatalia mama mkwe usiku kulivyo. Lakini maziwa ya ng'ombe ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta mzio kwa watoto wadogo, na mtoto aliyevimba mdomo anaweza kupaliwa.

Tukapanda bajaji hadi zahanati. Mhudumu akamwangalia, akasema "aleji", akachoma sindano, akatupa dawa ya maji kwenye kichupa kisicho na lebo. Nimerudi nyumbani sijui mwanangu kachomwa nini. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kesho yake mabaka yaliporudi na tukaenda kwa daktari wa watoto, swali lake la kwanza lilikuwa: jana alipewa dawa gani? Nilibaki kimya. Siku hizi siondoki dirishani kabla jina la dawa halijaandikwa kwenye daftari la kliniki. Wanaudhika kidogo, lakini wanaandika.

Daktari hakuanza na vipimo. Aliuliza saa. Alikula korosho saa ngapi? Kama saa kumi. Mabaka? Saa nne usiku. Akaniambia mzio wa chakula kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili hivi, na ukiisha umeisha, haukai unarudi siku tatu wakati mtoto anakula ugali na mchicha tu. Wangu alikuwa na mabaka asubuhi mgongoni, jioni shingoni, na lile la asubuhi limefutika kama halikuwepo. Akaniambia kwa watoto wadogo, mabaka ya namna hiyo mara nyingi huletwa na virusi, hivyohivyo vya mafua. Yaani ile mafua niliyokuwa naitibu ndiyo ilikuwa mshukiwa mkuu, na sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

Na amoksilini je? Hapo alikuwa mwaminifu: hawezi kuisafisha wala kuihukumu kwa kuangalia ngozi. Akaisimamisha, maana kwa mafua ya virusi haikuwa na kazi hata kabla ya mabaka. Akaandika "inashukiwa", si "ana mzio". Tofauti ni kubwa. Watu waliobandikwa mzio wa penisilini, ukoo wa dawa ambao amoksilini imo, wakija kupimwa hospitalini, zaidi ya tisa kati ya kumi hukutwa hawana. Lakini mpaka daktari apange kumpima, kila tunakokwenda nataja hilo neno "inashukiwa", na sithubutu kumwonjesha nyumbani nione.

Nilikuwa nataka kipimo cha damu, kile cha vyakula vingi kwa mpigo, nilikuwa tayari hata kukopa kwenye kikoba. Akanizuia. Kipimo hicho kinaweza kusema ndiyo kwa chakula ambacho mtoto anakila kila siku bila shida, halafu unabaki na orodha ndefu ya makatazo. Kinasaidia pale ambapo maelezo yako yameshakielekeza kwenye kitu fulani.

Kwa hiyo kazi ilirudi kwangu. Picha za mabaka, zikiwa na saa, kwa sababu ukifika hospitali ngozi huwa imeshatulia na unaonekana mzushi. Daftari la alichokula, alichokunywa, dawa, mafua, homa. Na pakiti za vyakula situpi mpaka siku ipite. Kilichonisumbua zaidi ni unga wa lishe. Ule wetu una mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na ufuta; mtoto akivimba baada ya uji huo, unamkamata nani? Sasa nanunua nafaka peke yake na karanga nasagisha kando.

Nilikosea pia. Wiki mbili nzima nilimnyima mayai, samaki, karanga, korosho na maziwa, na mdogo wake wa miezi saba nikamuunganisha humohumo, asije akapata. Daktari aliposikia akashika kichwa. Mkubwa alikuwa amepungua nusu kilo. Kuhusu mdogo akanieleza kwamba mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto 640 waliokuwa kwenye hatari ya mzio: walioanza kula karanga mapema uchangani walipata mzio wake kwa uchache mno kuliko walionyimwa hadi miaka mitano. Karanga za kusaga laini ndani ya uji, si punje, maana punje humkaba mtoto.

Korosho zilijisafisha zenyewe. Tukiwa kwenye foleni ya Ubungo, bibi yake alinunua kifuko dirishani na kumpa bila kuniuliza, nikashtuka mdomo umeshajaa. Nisingekushauri ufanye hivyo. Mimi sikuwa na la kufanya zaidi ya kutazama saa na kifua chake, kutoka Ubungo mpaka Kimara, huku bibi yake akiniangalia kama mwendawazimu. Saa mbili zikapita, mtoto kalala.

Juni mabaka yalirudi siku mbili. Kwenye daftari nimeandika: wali maharage, chungwa, hakuna dawa. Mafua, ndiyo.