Uingereza utakula vizuri, ila ondoka katikati ya mji

Mkuu, umeuliza kwamba unakuja Birmingham kusoma miezi 9, na kila aliyewahi kufika Uingereza amekuambia chakula cha huku ni ghali na hakina ladha, sasa ujaze begi unga na dagaa au kuna mahali pa kula? Waliotangulia kujibu wengi wamekushauri upike mwenyewe. Kupika upike, mfuko wa mwanafunzi unataka hivyo. Lakini hiyo habari ya kukosa ladha siikubali hata kidogo, na ndiyo imenifanya nikae niandike kirefu.

Mimi ni mtu wa Tanga, huku nina mwaka wa 11. Nilianzia Leicester, sasa nakaa Birmingham. Kazi yangu ni fundi wa majokofu. Nawafungia na kuwatengenezea wenye migahawa, mabucha na maduka. Kazi hiyo inanizungusha London, Manchester, Leeds, Bradford, Bristol, mara mojamoja Cardiff, na mchana ukifika lazima nile. Kwa hiyo nimekula sana nje, na majiko mengi nimeyaona kwa mlango wa nyuma.

Mlo wangu wa kwanza wa kununua ulikuwa London, karibu na stesheni kubwa ya treni. Nimetoka safarini, njaa inauma. Mgahawa una picha za vyakula mlangoni, taa nzuri, menyu nene kama daftari. Nikaagiza wali kuku. Kuku alikuja nje anaunguza, ndani wa baridi, wali umegandamana, na kwenye bili wameongeza asilimia 12.5 ya huduma. Wiki mbili nzima niliamini kila nilichokuwa nimesikia kuhusu nchi hii.

Nilipoanza kufungua majokofu ya watu ndipo nikaelewa. Hakuna jiko dogo linaloweza kupika vyakula 90 vibichi kila siku. Menyu ndefu maana yake friza kubwa, pakiti, na maikrowevu. Tena mgahawa wa mlangoni pa stesheni hauna haja ya kukuona tena, kesho atashuka mwingine na begi lake. Sasa hivi nikiona menyu fupi, hata iliyoandikwa kwa mkono, moyo unatulia. Na kitu ninachokitafuta kuliko vyote ni mahali ambapo mpishi anawapikia watu wa kwao. Mteja anayekuja na mama yake mzazi kila Jumamosi hawezi kudanganywa kwa pilau. Mama ataonja kijiko kimoja na kila mtu mezani atajua.

Watu hao hawakai katikati ya mji, kodi ya duka ni kubwa mno. Wako kwenye barabara zinazotoka nje ya mji, dakika 15 au 20 kwa basi. Kwa hiyo Birmingham, ukishapata kitanda na laini ya simu, panda basi namba 6 linalokwenda na Stratford Road, ushukie Sparkbrook au Sparkhill. Eneo hilo pamoja na Balsall Heath na Ladypool Road ndilo wanaloliita Balti Triangle. Balti yenyewe ni chakula cha Birmingham, kilianza hapahapa miaka ya 1970 kwa Wapakistani na Wakashmiri waliokuja kufanya kazi viwandani. Usidhani ni mchuzi wa kawaida uliopewa jina. Inapikwa kwenye kikarai chembamba cha chuma, juu ya moto mkali, kwa mafuta ya kawaida badala ya samli, tena kwa haraka. Kwa kuwa chuma ni chembamba moto unapenya upesi, vitunguu na nyanya vinashikana na nyama bila kuivisha mpaka ikafa. Halafu inaletwa mezani ndani ya kikarai kilekile, bado inachemka. Kijiko weka pembeni, unamega naan (mkate wao wa tanuri), unachota. Kwa sisi tuliokulia kumegea chapati kwenye mchuzi, mkono unajua wenyewe la kufanya. Mkiwa wengi agizeni naan ya meza nzima, ni kubwa kiasi kwamba watu wanne mnaimega pande zote.

Angalia tu kikarai kinachokuja. Kama ni chuma cha kutupwa, kizito, kimewekwa juu ya kibao na chakula kimemiminwa humo baada ya kupikiwa kwingine, umekula mchuzi, hujala balti. Zamani barabara zile zilikuwa na nyumba za balti nyingi kuliko sasa. Zilizobaki wanafanya kazi ngumu, na mimi nazipelekea kila mgeni wangu. Mlo wa kushiba ni kama pauni 10 hadi 15. Nyingi haziuzi pombe.

Birmingham ina zaidi ya hapo. Handsworth kuna Wakaribi, kuku wa jerk, yaani wa viungo na pilipili kali, anachomwa kwenye pipa lililokatwa katikati, na moshi ule utakukumbusha nyama choma ya nyumbani kabla hujamwona anayechoma. Soho Road ni Wapunjabi. Coventry Road, upande wa Small Heath, ni Wasomali, na hapo ndipo nakushauri uwe unaenda siku nyumbani kumekukaa kooni. Wanaanza kukuletea supu, kisha sinia la wali wenye viungo na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni ya kula pamoja na wali. Wahudumu kadhaa niliokutana nao walikulia Mombasa au Eastleigh ya Nairobi. Siku ya kwanza nilikuwa naongea na mke wangu kwenye simu, kijana akasimama mezani akasubiri nimalize, akaniuliza, "Kaka, pilipili nyingi au kidogo?" Kwa Kiswahili hichohicho. Nilishindwa kumjibu kwa muda.

Sasa Leicester. Ni kama saa moja kwa treni kutoka Birmingham New Street, na hili ndilo hasa nilitaka ulijue. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Takribani 28,000 wakaja Uingereza. Halmashauri ya Leicester iliona mji umejaa, ikaweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije kwao. Wakaja, pamoja na wengine waliotoka Kenya na Tanzania, wakafungua maduka Belgrave Road, na leo barabara hiyo inaitwa Golden Mile, na ni mji wenyewe unaoitangaza kwa wageni. Ingia mgahawa wowote wa pale usome menyu. Utakuta "mogo". Mogo ni mhogo, mkuu. Neno limesafiri kutoka kwetu mpaka katikati ya Uingereza, likapoteza herufi moja tu njiani. Kuna mogo ya kukaanga, mogo ya pilipili iliyozungushwa na kitunguu saumu na nyanya, na sehemu nyingine utakuta mishkaki na kuku paka, yaani kuku wa kupaka wa nazi. Bobby's iko pale tangu 1976, ni ya mboga tupu, kachori zake zinatoka za moto.

Nilikaa Leicester miezi minne bila kujua. Nilikuwa naishi upande wa chuo, nakula mikate. Siku moja nikatumwa kutengeneza kabati la vinywaji dukani Belgrave, bibi mmoja mwenye sari aliyekaa kwenye kaunta akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasema, "Karibu sana mwanangu, umekula?" Alizaliwa Mwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha miaka ya 60, safi, na aliniletea sahani ya mogo yenye ndimu na pilipili, akakataa pesa. Kutoka siku hiyo sijala mkate mchana Leicester.

London wana kitu cha namna hiyo Wembley, Ealing Road. Maru's Bhajia House ni ya familia iliyotokea Nairobi, na bajia zao za viazi ni zilezile ambazo Wakenya wanazijua kwa jina hilo. London yenyewe ni kubwa mno kuimaliza hapa. Kwa Kituruki nenda Green Lanes, nyama inachomwa kwa mkaa mbele yako. Kwa vyakula vya Kinaijeria, Peckham. Kwa dosa, ile chapati nyembamba ya Wahindi wa kusini, Tooting. Na usiku wa manane, Beigel Bake ya Brick Lane haifungwi saa 24, wanatoa mkate wa duara wenye nyama ya ng'ombe ya chumvi na haradali kali, foleni ndefu ila inakwenda mbio.

Manchester watu watakutuma Curry Mile, Wilmslow Road, mtaa wa Rusholme. Nenda, ila siku hizi ukienda pale tafuta Waafghani na Wakurdi, mkate wao wa tanuri na kebabu. Mimi nikiwa Manchester mchana nakula "rice and three" upande wa Northern Quarter: sahani ya wali na vijiko vya michuzi mitatu unayoichagua mwenyewe kwenye kaunta. Ilianza kwa ajili ya wafanyakazi wa maghala ya nguo waliokuwa na muda mfupi wa kula, na hadi leo ni chakula cha haraka, cha bei nafuu, kimepikwa asubuhi hiyohiyo. This & That, kwenye kichochoro cha Soap Street, wanafanya hivyo tangu 1984. Kichochoro kinatisha kidogo ukikiona, usigeuze.

Kuhusu chakula cha Waingereza wenyewe, wengi wanaokisema vibaya walikula samaki na chipsi mahali pabaya. Samaki na chipsi vikikaangwa wakati ule ule ni kitu kizuri kabisa. Vita Kuu ya Pili ilipofanya kila kitu kigawiwe kwa kuponi, samaki na chipsi serikali haikuvigusa, ili watu wasivunjike moyo. Sheria yangu ni kununua duka lenye foleni, saa sita mchana au saa kumi na moja jioni, hasa Ijumaa, maana mafuta yanakuwa yanafanya kazi na samaki hakai kwenye kabati la joto. Akisema subiri dakika tano, furahi. Yorkshire na Scotland wanapenda samaki aitwaye haddock, kusini zaidi ni cod. Omba chumvi na siki palepale, kabla hawajafunga. Leeds na Bradford omba na "scraps", chembe za unga uliokauka kwenye mafuta, kwa kawaida hawatozi. Ila kama wewe ni Mwislamu, kaskazini uliza kwanza, maduka mengi yanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe na huwezi kujua alichinjwa vipi.

Masoko ya ndani nayo usiyapite. Kirkgate Market ya Leeds, ambako Marks & Spencer ilianza kama kibanda cha vitu vya peni moja mwaka 1884, ina upande mzima wa vyakula. St Nicholas Market ya Bristol na Grainger Market ya Newcastle, hivyohivyo. Mwenye kibanda analipa kodi ndogo, anapika vyakula vitano au sita, na unamwona mikono yake.

Mambo ya kujilinda. Mlangoni kuna stika ya kijani na nyeusi yenye namba kuanzia 0 hadi 5, ni alama ya usafi. Wales na Ireland Kaskazini ni lazima waibandike, England si lazima, kwa hiyo usipoiona itafute kwenye tovuti ya Food Standards Agency kabla ya kuagiza. Mimi chini ya 3 siingii, kwa sababu nimeona friza zisizofunga zinavyoonekana kwa ndani. Lakini 5 inakueleza usafi tu, ladha utaijua kwa waliokaa ndani. Kwa halali, wengi wanaotaka uhakika wanatafuta cheti cha HMC (Halal Monitoring Committee, kamati inayokagua nyama halali). Ile asilimia 12.5 ya London ikiandikwa kuwa ni ya hiari, una haki ya kuomba waitoe, nao hawagombi. Kama huduma ilikuwa nzuri iache, tangu Oktoba 2024 sheria inataka pesa hiyo iwafikie wafanyakazi yote. Maji ya bomba omba, ni salama, na mahali penye leseni ya pombe ni lazima wakupe bure. Jiko linafungwa mapema kuliko ulivyozoea, nje ya miji mikubwa saa tatu usiku unaweza kukuta wanafagia, na Jumatatu wengi wamefunga. Beba pauni 20 taslimu, vibanda vingine havipokei kadi.

Dagaa ukitaka beba kidogo kwa siku za mwanzo, begi lililobaki weka koti. Glasgow na Edinburgh sijazigusa kwa sababu nimefika mara mbili tu. Mdau anayeishi huko aendelee hapa chini.