Maswali ya Wasomaji: Maua ya Mlima Rainier

SWALI: Mwishoni mwa Juni nitakuwa katika jimbo la Washington, Marekani, na ninakusudia kutembea kwa siku moja katika mbuga za maua za Mlima Rainier. Sijawahi kupanda mlima wenye theluji. Je, nitaiweza Njia ya Skyline? Na kwa nini wageni hukatazwa kutoka njiani hata kwa hatua chache za kupiga picha?

JIBU: Njia hiyo haihitaji ujuzi wa kupanda barafu, kinachotutia shaka ni mwezi uliouchagua. Paradise, inapoanzia, ni mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na theluji inayorundikana huko wakati wa baridi ni nyingi kiasi kwamba mara nyingi Juni humalizika njia ingali imefunikwa. Maua kwa kawaida hushamiri kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti, kwa hiyo ukiweza kuahirisha safari, iahirishe.

Njia yenyewe huzunguka kwa kilomita 9 hivi, ikiwa na mpando wa zaidi ya mita 500, na mtembeaji wa kawaida humaliza kwa saa 4 au 5. Ukianzia upande wa magharibi, barafuto ya Nisqually, yaani mto wa barafu, itakuwa kushotoni kwako wakati wote wa kupanda, nawe utakuwa umemaliza sehemu kubwa ya mpando ungali na nguvu. Ukifika Panorama Point, mahali pa kutazamia mandhari, siku ya anga safi, tazama kusini: utaona Mlima Adams na Mlima St. Helens, ambao kilele chake kilipungua kwa mita 400 hivi ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980. Rainier nao, wenye mita 4,392, ni volkano iliyolala tu.

Kuhusu katazo hilo, sisi tunaliunga mkono kabisa. Mimea ya huko hupata miezi michache tu ya kuchipua, kuchanua na kutoa mbegu kabla theluji haijarudi, tena udongo wake una majivu ya volkano na mawe mepesi yenye vitundu, ambao ukikanyagwa hadi mizizi ikafichuka humomonyolewa upesi na maji. Jeraha la msimu mmoja huchukua miaka mingi kupona. (Picha nzuri, hata hivyo, hupatikana njiani penyewe.)

Ikiwa tarehe yako haibadiliki, uliza hali ya njia kwa askari wa hifadhi pale Paradise kabla ya kuondoka, na ukungu ukishuka nawe uko kwenye theluji isiyo na nyayo, geuka urudi.