Nepi za kitambaa: nilinunua 20 kabla ya kujaribu hata moja

Nyumbani kwetu mfuaji wa nepi ni mimi, baba. Tuligawana kazi mimba ikiwa bado changa, mama watoto atanyonyesha, mie nitafua, na wallahi nilijiona nimepata kazi nyepesi mpaka mtoto alipotoka ndo nikajua kichanga anaweza kumaliza nepi 10 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana, hana jumapili huyo.

Sasa kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye kununua. Nilinunua 20 kwa mpigo, zote za aina moja, zile za mfuko ambazo unachomeka pedi ndani, kisa zilikuwa na picha za twiga na zina vifungo vya kubonyeza ambavyo unazikuza kadiri mtoto anavyokua. Kila moja imekuja na pedi yake ya maikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi nyembamba za kiwandani, nikaona mambo yamekwisha. Wiki haijaisha kila nikimbeba begani nashuka na shati limelowa. Mtoto akilala kitandani nepi iko sawa kabisa, ukimnyanyua tu maji hayo! Nikalaumu kava, lile ganda la nje lisilopitisha maji, nikalaumu vifungo, kumbe ni pedi. Maikrofaiba inanyonya haraka sana lakini ukiikandamiza inatema, fikiria sponji ya kuoshea vyombo, na mtoto aliyebebwa au aliyekaa si anaikandamiza muda wote. Pamba inanyonya taratibu ila ikishika imeshika. Nikabadilisha pedi tu, zile nepi za twiga zikaanza kufanya kazi. Na hiyo maikrofaiba kama unayo usiiweke igusane na ngozi ya mtoto, inamnyonya mpaka unyevu wa ngozi anakauka, iache humo humo mfukoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza, nunua mbilimbili au tatutatu za aina tofauti, mvalishe mtoto wiki mbili hivi, ndo uongeze ile iliyomkaa. Watoto hawafanani mapaja. Ukija kukamilisha, 24 zinatosha kama unafua kila baada ya siku mbili, zikiwa pungufu utafua kila siku na utachoka, mie nimeyaona.

Na nikiulizwa ipi naipenda, hata usifikirie mara mbili, ni kile kitambaa cha pamba cha mraba walichotumia mama zetu, unakikunja, unavalisha kava isiyopitisha maji juu yake basi. Hakina urembo wowote lakini ukikikunjua kinabaki ni nguo ya tabaka moja, sabuni inapita kote, kinakauka haraka, wakati zile nepi zilizoshonwa kila kitu pamoja zinakaa kambani mpaka unazisahau. Kava nayo kama haijachafuka unaipangusa inatumika tena, unabadilisha kitambaa tu. Kwa kichanga ambaye kitovu hakijadondoka unakunja upande wa mbele kwa chini kitovu kipate hewa. Mke wangu hakupenda kukunjakunja usiku wa manane kwa hiyo za mfuko zilibaki kuwa zake, mraba ni zangu, hatujagombana.

Kuvalisha. Hapa wengi ndo wanapokosea halafu wanasema nepi za kitambaa zinavuja. Ile lastiki ya mguuni inatakiwa ikae kwenye mkunjo wa kinena, pale pale inapokaa chupi, wengi wanaiacha katikati ya paja. Kiunoni vidole viwili vipite. Ukivua ukakuta alama nyekundu hafifu kawaida tu, ikiwa imechimba basi legeza. Halafu zungusha kidole pembeni kote uhakikishe hakuna kitambaa kinachochungulia nje ya kava, maana hata ncha ndogo tu ikitokeza mkojo unaifuata kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, dakika kumi nguo yote chepechepe na nepi yenyewe wala haijajaa.

Kingine, pamba mpya hainyonyi vizuri, ina mafuta yake ya asili, lazima uifue mara 5 au 6 kabla hujaitegemea. Mimi nilikuwa nadondoshea tone la maji juu ya kitambaa, likikaa pale likabingirika kama juu ya jani la mgomba, bado, rudisha kwenye beseni. Dalili hiyo hiyo ilinirudia mtoto akiwa na miezi minne hivi nepi zikaanza kukataa maji, nikahangaika, kumbe tulikuwa tunampaka krimu nzito ya mafuta kwa ajili ya vipele na ile mafuta imeganda kwenye kitambaa. Tangu hapo akipakwa krimu anawekewa kipande chembamba cha kitambaa katikati. Dawa ya kulainisha nguo nayo inafanya yale yale, achana nayo kabisa.

Kufua sasa. Nilikuwa naogopa ngozi ya mtoto nikawa naweka sabuni kijiko kimoja, nikajiona baba makini. Baada ya mwezi, nepi ikitoka kambani inanukia vizuri, mtoto akikojoa mara moja tu harufu inapiga mpaka macho yanawasha. Mkojo wa zamani ulikuwa umebaki ndani ya nyuzi, bakteria wanaubadilisha kuwa amonia, na hiyo inababua ngozi kuliko sabuni niliyokuwa naiogopa. Kwa hiyo suuza kwanza kwa maji ya baridi (ya moto yanagandisha doa), halafu fua kwa maji ya moto na sabuni ya unga ya kutosha kama unavyofua nguo chafu, maana ni nguo chafu, kisha suuza mpaka povu liishe. Usiziloweke ndooni siku mbili, zinaoza harufu na ndoo ya maji karibu na mtoto anayetambaa ni hatari anaweza kuzama. Weka kwenye ndoo kavu tu. Kinyesi cha mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu kinayeyuka kwenye maji hakina shida, akianza kula kidondoshe chooni kwanza.

Pamba anika juani, yale madoa ya njano yanafifia yenyewe hasa kitambaa kikiwa bado kimelowa. Kava weka kivulini, usipige pasi wala kuchemsha, ule utando wake wa plastiki utapasuka.

Usiku ongeza pedi ya pili ya pamba, mchana badilisha kila saa mbili au tatu hata kama unaona haijajaa. Tukisafiri tunatumia pampasi, sioni aibu.

Lastiki zikilegea mpelekee fundi cherehani, ni kazi ndogo. Za kwetu zimebadilishwa mara moja, sasa anavaa mtoto wa pili, na vile vitambaa vitatu vya mraba vilivyotoboka ndo nafutia baiskeli.