Maswali yenu: "Watoto wako Butere, mimi nimebaki na sweta"

Wenye hunisoma wanajua, mimi si wakili. Niko na saiba ndogo hapa Nakuru karibu na korti, na nimechapia watu hati za kiapo miaka mingi mpaka zingine huniijia usiku. Kwa hivyo nikijibu hapa, najibu na kile sheria imeandika na kile nimeona nikiwa nimekaa kwa hii kompyuta, ya mwisho uliza wakili. Wiki hii barua zimekuwa za watoto tupu, nimechukua tatu.

Habari Mzee wa Saiba. Mimi ni baba wa watoto wawili, kijana wa miaka saba na msichana wa minne. Mama yao tuliachana, talaka ikatoka mwaka juzi, lakini mambo ya watoto hatukuandika mahali, yeye akahama nao kwao Butere. Mwanzo nilikuwa naenda, nalala kwa rafiki Mumias, asubuhi nashika boda naenda kuwaona. Krismasi imepita nikafika na unga, mafuta na sweta ya shule ya kijana, shemeji akatoka kwa geti akaniambia watoto wameenda kwa shangazi yao. Na mimi nasikia kijana akikohoa ndani ya nyumba, kikohozi chake nakijua. Nilirudi na sweta Nakuru, iko kwa kabati na lebo yake. Namba yangu amebloku. Sasa nimeona video ya mzungu akigoma kula huko Japani juu ya watoto wake, wanasema huko mkiachana mtoto anakuwa wa mmoja tu. Hapa Kenya sheria iko hivyo ama ni mimi nimekaliwa? Pesa niliacha kutuma tangu Januari. Na shule zikifungwa nafikiria nimngoje kijana kwa geti ya shule nimbebe tuje. — Baba wa Wawili, Free Area, Nakuru

Pole sana ndugu yangu. Hapo kwa kikohozi niliacha kusoma kidogo nikaenda nje.

Lakini wacha nianzie mwisho, hiyo ya geti ya shule. Usithubutu. Mwalimu atapiga simu Butere kabla hujafika stage, na mtoto wa miaka saba akiona watu wazima wanamvutana mbele ya wenzake hatakushukuru, na wewe badala ya kuwa baba aliyenyimwa watoto unakuwa mtu anaandika statement kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Nimechapia wababa wa aina hiyo. Unaona mtu ana haki kabisa, lakini nusu ya hati yake ya kiapo ni ya kujitetea kuhusu ile siku alibeba mtoto.

Sasa Japani. Huyo mzungu nadhani ni Mfaransa, Vincent Fichot, mwaka wa 2021 wakati wa Olimpiki za Tokyo alikaa nje ya stesheni ya treni karibu na uwanja mkuu wiki tatu bila kula, mkewe alikuwa ameondoka na watoto wao wawili 2018. Na ni kweli kile ulisikia. Sheria yao ya kiraia ilikuwa inasema mkishaachana, mamlaka ya mzazi yanabaki kwa mmoja peke yake, hakuna kugawana. Huko talaka nyingi sana, karibu tisa kwa kila kumi, hata haziendi kortini, ni fomu mnajaza mnapeleka kwa ofisi ya mji, na kwa hiyo fomu kuna mahali pa kuandika mtoto anaenda kwa nani. Mnajaza, mnaweka sahihi, kwisha. Mara nyingi anaandikwa mama. Huyo mwingine kumuona mtoto inakuwa ni kwa hisani, na hata korti ikimpa nafasi mara nyingi ni masaa machache kwa mwezi, na yule mwenye mtoto akikataa kuna kidogo sana cha kumfanya. Julai 2020 Bunge la Ulaya lilipiga kura kulaumu hiyo tabia, 686 kwa 1, juu wazazi wengi wa kwao walikuwa wamenaswa.

Halafu sikiliza hii manake ndiyo inakuhusu. Korti za huko wakati wa kuamua huwa zinauliza sana, mtoto sai anaishi na nani na amezoea wapi? Hazitaki kumng'oa. Kwa hivyo mwenye aliondoka na mtoto kwanza, asubuhi wakati mwenzake yuko kazini, ndiye anakuwa na nguvu, na kila mwezi ukipita anaongeza mizizi. Watu wakalijua hilo, mawakili wakalijua, ikawa ni mbio ya nani atatoka na watoto kwanza.

Wamebadilisha. Mei 2024 bunge lao lilipitisha sheria mpya, ya kuanza kutumika 1 Aprili 2026, wazazi wanaweza kukubaliana wabaki wote wawili na mamlaka, wakishindwana korti ya familia iamue, na wenye waliachana zamani wanaweza kwenda kuomba ibadilishwe. Haijibadilishi yenyewe lakini, lazima uende uombe.

Huku kwetu karatasi imeandikwa tofauti kabisa. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi, na jukumu la mama na baba ni sawa, wawe wameoana ama hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022 ikakuja ikarudia hayo, hakuna mzazi mwenye haki kushinda mwenzake. Ile ya zamani ya 2001 ilikuwa inamweka kando baba ambaye hakuoa, hiyo imeenda. Kwa hivyo jibu la swali lako ni hapana, Kenya hakuna sheria inasema ukiachana na mke watoto ni wake peke yake. Huko Japani karatasi ndiyo ilikuwa imewafungia watu nje, wewe karatasi iko upande wako ni geti imefungwa.

Lakini usijidanganye pia. Msichana wa miaka minne, hakimu akimweka mahali pa kulala kila siku, karibu kila mara ni kwa mama, labda kuwe na sababu nzito. Hiyo isikuume. Kuishi na mtoto ni kitu kimoja na kuhusika na maisha yake ni kingine, na kumuona ni kingine tena, korti inaweza kumpa mama aishi nao na bado mkabaki nyote wawili na sauti juu ya shule, hospitali na kusafiri, na wewe ukawekewa siku zako. Watu huja hapa kwangu wakisema "nataka kastodi" kumbe ukimuuliza vizuri anataka Jumamosi mbili na likizo nusu.

Na ile mizizi niliyosema ya Japani, usifikiri huku haimei. Hakimu wetu pia atauliza mtoto anasoma wapi, nani humpeleka hospitali, nani anajua jina la mwalimu wake. Ukikaa mwaka mzima Free Area ukikasirikia geti, huo mwaka unaandikwa upande wa Butere. Hiyo ndiyo shida yako kubwa, kushinda huyo shemeji.

Pesa, ndugu yangu, rudisha kesho. Najua unasikiaje, kwamba unalipia sinema hujaingia. Lakini kortini hayo ni mambo mawili, hawezi kukunyima watoto juu hujatuma, na wewe huwezi kukataa kutuma juu umenyimwa, chakula ni cha mtoto si cha mama yake. Kama anarudisha, lipa karo moja kwa moja kwa akaunti ya shule na uweke risiti. Kuna mzee alikuja hapa na statement ya M-Pesa kurasa kumi na nne, amepiga mstari na kalamu nyekundu kila mahali ametuma, hata zile za mia mbili za sindano ya kliniki, mimi niliziskani moja moja nikiwaza huyu hata wakili akisinzia hizi kurasa zitaongea zenyewe. Wewe sasa hivi statement yako inasema Januari kimya, Februari kimya.

Ukishatuma, nenda kwa afisa wa watoto wa huko Butere, si wa Nakuru, manake ni kule watoto wanaishi. Ataita mama yao na wewe mkae chini. Mkielewana muandike makubaliano ya malezi na mpeleke kortini yawe oda, yasibaki karatasi ya ofisi tu. Asipokuja, ama mkishindwana, hapo unafungua kesi kwa Korti ya Watoto, na unaweza kuomba oda ya muda ya kuona watoto kesi ikiendelea, usingoje mpaka mwisho. Wengine hupelekwa kwa upatanishi wa korti kwanza, usikatae, nimeona mambo yakimalizwa huko haraka kushinda mbele ya hakimu.

Na ukiandika ombi, tafadhali usiandike nipewe nafasi ya kuona watoto "kwa njia inayofaa". Hayo maneno hayana meno. Yanayofaa kwa nani? Andika Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, wachukuliwe wapi na warudishwe wapi, simu Jumatano saa moja jioni, likizo ya Agosti wiki ya kwanza kwangu. Sema hata nani atakuwa anawatoa kwa geti, kama shemeji ni shida basi iwe ni nyanya yao ama pale kanisani. Mtu akivunja oda yenye saa na mahali, unarudi kortini unamwambia hakimu ilikuwa saa nne na nilikuwa hapa, hakuna mtu. Ile ya "inayofaa" utaambiwa tu watoto walikuwa wamechoka.

Sweta usiitupe lakini usimpelekee hiyo. Nunua saizi ingine.

Mzee salamu. Mimi ni mama, niko Kondele hapa Kisumu, nauza samaki. Mtoto wangu wa miaka mitano ako kwa nyanyake huko Siaya, baba yake anafanya kazi Nairobi na tuliachana. Kila nikienda naambiwa ng'ombe zilitolewa, mtoto ni wa hii boma, kama nataka mtoto nizae mwingine. Chifu naye akasema nirudi kwa mume yaishe. — Mama, Kondele

Dada yangu, sheria ya mila ikigongana na Katiba inaanguka, Katiba yenyewe imesema hivyo kifungu cha 2. Ng'ombe zilitolewa juu ya ndoa, hazikuwa risiti ya mtoto. Na angalia vizuri kesi yako, baba mwenyewe haishi na huyo mtoto, ako Nairobi, kwa hivyo unashindana na nyanya, na mzazi aliye hai na anamtaka mtoto wake huangaliwa kwanza.

Lakini usiende kumtukana huyo mama. Amemuosha na kumlisha mjukuu, na afisa wa watoto akienda huko boma ataandika vile amempata, na wewe vile uliongea. Beba cheti cha kuzaliwa na kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto, kile chenye tarehe za chanjo na kilo zake, hicho kitabu kinaonyesha nani alikuwa anambeba mgongoni kila mwezi. Nenda kwa ofisi ya watoto Siaya, na hapo Kisumu kuna ofisi ya FIDA, chama cha mawakili wanawake, husaidia akina mama wasio na pesa ya wakili. Kama unaskia mtoto anateswa ama halali vizuri, piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Chifu mwache tu. Kurudi kwa mume si njia ya kupata mtoto.

Mzee, nilivunjwa mkono na mume, nikatoroka na watoto, sasa tuko Bungoma kwa dada. Nimeletewa barua ya wakili wake anataka watoto kila wikendi. Ni lazima nimpe? Nimesikia baba ana haki sawa. — Bado Naogopa

Ana haki sawa, lakini kinachoangaliwa kwanza ni maslahi ya mtoto, pamoja na usalama wake, hiyo pia iko kwa kifungu hicho hicho cha 53 cha Katiba. Hata hao Wajapani wakati wanabadilisha sheria yao, kelele kubwa ilitoka kwa wanawake kama wewe, wakasema mtatufungulia mlango yule tumemtoroka, na ndiyo maana sheria mpya inasema pakiwa na ugomvi wa kupigana ama kutesa mtoto, korti impe mmoja. Na mimi nakubaliana nao. Hapa kwetu hakimu anaweza kukataa kabisa, ama akasema awaone mahali fulani mtu mwingine akiwa hapo, bila watoto kulala kwake, bila wewe kuonana naye.

Wakili wake si hakimu, barua si oda. Lakini usiiweke chini ya godoro pia, ukinyamaza yeye ndiye atafika kortini kwanza na hadithi itakuwa ya baba aliyetorokwa. Tafuta namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ya siku uliripoti, kama hukuripoti nenda hata sai, na P3 ijazwe, ile fomu ya polisi ya daktari kuandika majeraha. Picha za mkono kama ziko kwa simu ya dada yako mwambie asifute, azitume kwa imeili pia, simu hupotea. Na kama huo mkono bado hauinuki vizuri rudi hospitali waandike.