Panya wote hawakojoi: ni kiharusi au ni dawa ya usingizi?

Swali: Shikamoo daktari. Mi ni mwanafunzi wa masters, nafanya utafiti wa kibofu baada ya kiharusi. Nimeziba ateri ya kati ya ubongo kwa panya 6, kesho yake nikawalaza kwa ketamini na zailazini nikapima presha ya kibofu. Kibofu kinajaa tu, hakuna anayekojoa, mkojo unavuja matone matone. Wale 6 wa kulinganisha, niliowapasua bila kuziba mshipa, nao ni hivyo hivyo. Naweza kuandika kwamba kiharusi kinafunga mkojo?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiandike hivyo, na sababu umeshaitaja mwenyewe hapo mwishoni. Kama wale ambao ubongo wao mzima nao hawakojoi basi kiharusi hakihusiki, kinachoshukiwa kwanza ni dawa ya usingizi. Kukojoa kunategemea taarifa kutoka kibofuni ipande hadi kituo kilichopo kwenye shina la ubongo (mtafiti Barrington alishakionyesha kwa paka mwaka 1925) alafu amri ishuke, na ketamini na zailazini zinaweza kuuzima huo mzunguko, kibofu kinakuwa kama mfuko tu, kikijaa kinamwaga.

Wengi wanaopima panya aliyelala wanatumia yuretheni, dawa nyingine ya usingizi, kama gramu 1.2 kwa kilo ya uzito, kwa sababu yenyewe inaacha rifleksi ya kukojoa (mwili kukojoa wenyewe kibofu kikijaa) ikifanya kazi. Ila inasababisha saratani kwa hiyo vaa glavu, uichanganye ndani ya kabati la kuvuta hewa, na panya uliyempa haamki tena, unammaliza akiwa bado usingizini. Mi binafsi napenda zaidi kumpima akiwa macho, unaweka katheta (mpira mwembamba) kibofuni, unampa siku kadhaa apone, ndo unampima. Ni kazi ndefu ndio, lakini unachosoma unaamini kimetoka kwenye ubongo.

Alafu angalia unatarajia nini. Binadamu siku za mwanzo baada ya kiharusi wengi mkojo unagoma kutoka, baadaye ndo inakuja ile haja ya ghafla isiyozuilika. Panya aliyezibwa ateri ya kati huwa anakwenda moja kwa moja kwenye hiyo ya pili, ndani ya masaa machache tu kibofu kinaanza kubana mapema kikiwa na mkojo kidogo, na glutamati (kemikali ya ubongo inayosisimua neva) ndo inatajwa sana kwenye kuanzisha hali hiyo. Kwa hiyo ulichokiona ni kinyume kabisa cha kinachotarajiwa, hapo hapo ilibidi ushtuke. Na ukitaka kusoma ule mkojo unaogoma kwa mgonjwa wa siku za mwanzo, huyu panya hakufikishi huko, iseme wazi kwenye tasnifu yako.

Kuhusu vifaa: ncha ya mpira wa katheta ipitishe karibu na moto ijikunje kidogo kama kola, ichomeke juu kabisa kwenye paa la kibofu, funga na uzi wa mduara. Kagua mpira wote kama una kipovu cha hewa, maana kipovu kimoja tu kinameza presha na mchoro wa presha unalala. Kibofu cha panya mkubwa hakibebi zaidi ya kama mililita 1, kwa hiyo pampu iende polepole, mililita 0.04 kwa dakika inatosha, ukimsukumia haraka unamlazimisha. Mchoro mzuri unautambua kwa macho, mstari unapanda taratibu, ghafla kilele kirefu, tone linatokea kwenye njia ya mkojo muda huo huo, mstari unarudi chini. Muda kati ya kilele na kilele ndo namba yako kubwa, usisahau pia kuvuta na kupima mkojo uliobaki.

Kingine, panya mwenye kiharusi hanywi vizuri na anapungua uzito, kwa hiyo ukihesabu tu mkojo kwenye kizimba utadhani kibofu kimebadilika kumbe figo ndo zimetoa kidogo. Na ukimaliza kata ubongo uupake TTC (rangi ya kutofautisha ubongo hai na uliokufa), sehemu iliyo hai inakuwa nyekundu, iliyokufa inabaki nyeupe. Ambaye hana weupe hakupata kiharusi, mtoe kwenye kundi, ila hiyo kanuni iandike kabla hujaanza sio baada ya kuona majibu.

Kabla ya yote hayo chukua panya wawili wazima wasioguswa kichwa kabisa uwapime kwa yuretheni. Wasipokojoa hao, rudi kwenye katheta na pampu, usiguse ubongo wa panya mwingine yeyote mpaka wakojoe.